Kura 104 kati ya majina 612: kisa cha mwenyekiti wa soko mjini Kisumu

Kisa hiki kilitokea katika soko moja mjini Kisumu. Nimeondoa jina la soko, majina ya watu na mwaka, na tarakimu za chama chao nimezisogeza kidogo bila kuvuruga uwiano, ili asiwepo wa kunyooshewa kidole. Mimi ndiye niliyeombwa kusimamia uchaguzi huo, kwa hiyo sehemu ya lawama ni yangu na nitaieleza mahali pake.

Swali lililotusumbua pale husikika Kenya nzima kila baada ya uchaguzi. Mtu akichaguliwa na wachache kwa sababu wengi hawakuja, ana nguvu gani juu ya hao ambao hawakuja?

Usuli

Chama hiki kinaunganisha wauzaji wa samaki, mboga za kienyeji, nafaka na mitumba, pamoja na mafundi wa cherehani. Kila mwanachama alikuwa akitoa shilingi 100 kwa mwezi. Fedha hizo zinalipa askari wawili wa usiku na mfagiaji, na zinazosalia ni za rambirambi mwanachama anapofiwa. Zisichanganywe na ushuru wa kaunti, ule unaokatiwa risiti sokoni. Ushuru ulilalamikiwa na kila mtu. Ile mia ya chama haikuwa na mlalamishi, na katika mwezi wa kawaida watu 430 hivi waliitoa bila kufuatwa.

Daftari la chama lilikuwa na majina 612. Katiba yake, kurasa nne zilizochapwa katika duka la fotokopi, ilisema uchaguzi ufanyike kila baada ya miaka mitatu katika mkutano mkuu, na mshindi awe mwenye kura nyingi kuliko wenzake. Akidi, yaani idadi ya chini ya wapigakura, haikutajwa. Hata watu kumi wangetosha kumweka mwenyekiti.

Kundi kubwa kuliko yote ni akina mama wa omena, na sina budi kueleza kazi yao kwa sababu kisa chote kimesimama hapo. Omena, dagaa wa Ziwa Viktoria, huvuliwa usiku kwa taa. Wavuvi huwasha taa juu ya maji, samaki wakakusanyika penye mwanga, wakazungushiwa wavu. Mwezi ukiwa mpevu taa haifui dafu, hivyo wavuvi hupumzika siku kadhaa. Giza likirudi, mashua hutoka tena. Kwa hiyo mama wa omena ana majira mawili ndani ya mwezi mmoja. Wakati wa giza yuko ufuoni kabla ya alfajiri, ananunua, anaanika, anageuza, na akifika sokoni ni alasiri. Wakati wa mbalamwezi yuko kwenye meza yake tangu asubuhi, anauza akiba kwa gorogoro, yaani kopo la kupimia, na ana nafasi ya kumsikiliza mtu.

Wagombea walikuwa wawili. Mmoja ni muuza viatu vya mitumba, mwenye umri wa miaka arobaini na ushei, mchapakazi, ambaye mafuriko yalipoingia sokoni alikuwa wa kwanza kushika koleo na kuzibua mitaro. Wa pili ni mzee wa nafaka aliyekuwa katika kamati iliyotangulia. Wote wawili ni watu wa heshima. Nasema hivyo mapema kwa sababu baadaye kila mmoja aliitwa mwizi na wafuasi wa mwenzake, na hakuna aliyeiba chochote.

Siku ya uchaguzi

Kamati iliyokuwa ikiondoka ilichagua Alhamisi, saa tatu asubuhi. Sababu yao ilikuwa kwamba marobota mengi ya mitumba hufunguliwa siku nyingine, basi watu wangekuwa na nafasi. Walisema kweli kuhusu mitumba. Hakuna aliyetazama mwezi, na mimi sikuuliza. Niliuliza kuhusu kiwanja, viti, makaratasi ya kura, ndoo ya kupigia kura na mashahidi wa wagombea. Wiki ile ilikuwa ya giza totoro.

Hadi saa sita mchana walikuwa wamepiga kura watu 131. Tulihesabu mbele ya wote: muuza viatu 104, mzee wa nafaka 27. Hakuna kura iliyoharibika. Nilisimama juu ya kreti ya soda nikatangaza kwamba mshindi amepata asilimia 79. Kijana mmoja akaandika hivyo kwa kalamu nene kwenye karatasi ya manila, wakaibandika langoni. Sikusema 131 kati ya 612. Haikunijia hata kidogo, kwa sababu nimezoea kusikia matokeo yakitangazwa kwa namna hiyo.

Mnamo saa tisa akina mama walianza kuingia. Namkumbuka mmoja, leso imelowa hadi magotini, magamba madogo yanametameta mikononi, ndoo kichwani. Hajui kusoma vizuri, akamwomba mtoto wa shule amsomee manila. Mtoto akasoma: asilimia sabini na tisa. Mama akauliza, "Sabini na tisa ya nani?" Akaenda zake. Mimi nilikuwa nakunja meza pale karibu, nikamsikia, na sikumjibu.

Mia mbili na hamsini

Wiki tatu baadaye mwenyekiti mpya alitangaza mambo mawili. Mchango ungepanda kutoka shilingi 100 hadi 250, ili zinunuliwe taa za sola na kijengwe choo cha pili. Vilevile vibanda vingepangwa upya kupisha njia ya mkokoteni. Choo kilihitajika kweli. Taa zilihitajika zaidi, maana wezi walikuwa wamezoea pembe ya nyuma. Kamati yake ilipitisha yote jioni moja.

Mwezi ulipoisha, waliotoa 250 walikuwa 188. Wengine hawakutoa hata ile mia ya zamani, na hapo ndipo palipouma. Watu ambao hawakuwahi kugoma waligoma. Neno lililozunguka sokoni lilikuwa moja: "Hatukukuchagua." Mweka hazina hakuweza kulipa askari kikamilifu, mmoja wao akaacha kazi. Usiku wa nne baada ya kuondoka kwake, cherehani ya fundi mmoja mama ikabebwa. Alikuwa bado anailipia kwa mkopo wa chama chake cha akiba. Yeye mwenyewe alikuwa amepiga kura, na alikuwa ametoa 250 yake.

Mzee wa nafaka sasa alisema uchaguzi ni batili. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: watu 481 hawakuja, maana yake watu 481 wamemkataa huyu. Mwenyekiti naye alikuwa na hoja yake: asiyekuja ameridhika na watakachoamua wenzake, na katiba imefuatwa. Walikwenda pamoja hadi ofisi ya maendeleo ya jamii, ambako chama kimeandikishwa, wakaambiwa kwamba utaratibu wa katiba yao ulifuatwa na mwenyekiti ni huyohuyo. Walirudi, na hali ikabaki vilevile. Mwenyekiti alikuwa na karatasi ya ofisi mfukoni, na michango haikuingia.

Kuwaendea waliokosekana

Niliitwa tena. Kabla ya kutoa ushauri niliomba kitu kimoja, kwamba tuwaulize wale 481. Pande zote mbili zilikuwa zinawasemea, moja ikiwaita wapinzani, nyingine ikiwaita walioridhika, na hakuna aliyekuwa amezungumza nao. Tulikuwa na daftari la majina. Wakateuliwa watu wanne, wawili wa mwenyekiti na wawili wa mzee, kila mmoja wa upande huu akitembea na mmoja wa upande ule. Swali lilikuwa moja tu: "Siku ile ya uchaguzi, kwa nini hukuja?" Ilichukua siku tatu, na tulihakikisha mbalamwezi iko juu.

Majina 88 yalikuwa ya watu waliokufa, waliohama, au walioandikwa mara mbili. Watu 173 walitaka kuja wakashindwa. Kati yao 121 walikuwa mama wa omena waliokuwa ufuoni, na waliobaki ni wagonjwa, wenye matanga, na wasio na wa kumwachia meza. Hamsini na wanne hawakuwa na habari. Tisini na saba walijua, wangeweza kuja, na hawakujisumbua kwa sababu, kwa maneno yao, "yeyote kati ya wale wawili ni sawa". Walioamua kususia walikuwa 41. Na 28 hatukuwapata.

Hesabu hiyo iliwanyamazisha wote wawili. Mzee wa nafaka hakuwa na watu 481 nyuma yake. Waliokataa kwa makusudi walikuwa 41, na baadhi yao walimsusia hata yeye. Mwenyekiti naye hakuwa na ridhaa ya kimyakimya ya watu 481. Walioridhika walikuwa 97. Kundi kubwa kuliko yote halikuwa limesema lolote, kwa kuwa mlango ulifungwa wakiwa kazini.

Mwenyekiti mwenyewe alifuatana nasi siku ya pili, na nilikuwapo alipofika kwa mama mmoja mzee anayeheshimiwa upande wa samaki, anayeitwa Dani, yaani bibi kwa Kijaluo.

"Dani, naomba nikae."

"Kaa, mwanangu."

Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Bibi aliendelea kupepeta omena, akitoa mchanga, bila kumwangalia.

"Ulipochaguliwa nilikuwa ufuoni," alisema. "Sikukukataa. Hata leo sikukatai. Lakini hii mia mbili na hamsini umeiamua na nani? Mimi nikiuza gorogoro nne siku mbaya, nyumbani naenda na nini? Ungekuja hapa ukakaa kama hivi ulivyokaa, ningekwambia."

Kando yake alikuwapo mwanamke mwingine, wa wale 41. Huyu alisema kwa sauti ya juu: "Sisi kukaa nyumbani tunakujua. Oktoba ile ya 2017 tulikaa nyumbani mji mzima."

Mashauri matatu

Jioni ile kamati ilikaa na mashauri matatu mezani. La kwanza, mwenyekiti akae na karatasi yake ya ofisi na kuwanyima rambirambi wasiotoa mchango. La pili, ajiuzulu na uchaguzi urudiwe. La tatu, abaki kitini, lakini lile jambo la fedha lirudi kwa wanachama na kupigiwa kura yake lenyewe, siku ambayo kila mtu yuko sokoni.

La kwanza lilipingwa na mweka hazina, kwa sababu kumnyima mtu rambirambi mjini Kisumu ni kumfukuza katika jamii, na angetafuta chama kingine kabla ya jua kutua. La pili lilivutia wengi, na nakiri hata mimi lilinivutia kwa muda. Nilibadili mawazo nilipofikiria watajifunza nini. Uchaguzi halali ukifutwa kwa sababu watu hawakuja, atakayeshindwa safari ijayo atajua la kufanya: awaambie wafuasi wake wakae nyumbani. Kiti kitakuwa mateka wa wasiokuja. Tena zile kura 104 zilipigwa na watu waliofunga meza zao wakapanga foleni juani, na hatukuwa na haki ya kuzitupa kwa kosa la kamati na la msimamizi.

Wakachukua la tatu. Mwenyekiti alikubali kwa shingo upande, akaomba jambo moja, kwamba kila upande wa soko ulete pendekezo lake la kiwango. Upande wa samaki ukasema shilingi 150, na taa zianzie pembe ya nyuma. Mpango wa kuhamisha vibanda ukawekwa kando. Majina 88 yakafutwa, daftari likabaki na watu 524.

Matokeo

Kura ya mchango ilipigwa siku ya mbalamwezi, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, ndoo ikizungushwa upande hadi upande badala ya watu kuifuata kiwanjani. Walipiga kura 338. Waliokubali 150 walikuwa 229, waliokataa 109. Safari hii nilitangaza tarakimu zote: walioandikishwa, waliopiga, waliokubali, waliokataa.

Baada ya miezi miwili waliokuwa wakitoa 150 walikuwa zaidi ya 400. Miongoni mwao walikuwamo wengi ambao walipiga kura ya kukataa. Taa mbili za kwanza ziliwekwa pembe ya nyuma. Askari mpya aliajiriwa badala ya yule aliyeacha kazi.

Hayakutengenea yote. Choo cha pili hakijajengwa, kwa sababu 150 haikitoshi. Cherehani haikupatikana. Mzee wa nafaka hakuwahi kumpa mwenyekiti mkono wa pongezi, na wajumbe wawili wa kamati walijiuzulu wakisema mwenyekiti amejishusha kwa kwenda kuketi kwenye ndoo za samaki. Naona walikosea, lakini waliondoka na bidii yao, na walikuwa watu wa kazi.

Uchambuzi

Yule mwanamke aliyetaja Oktoba 2017 alinipa kipimo ambacho sikuwa nacho. Tarehe 1 Septemba mwaka huo Mahakama ya Juu ilifuta uchaguzi wa rais wa tarehe 8 Agosti, uchaguzi ambao karibu asilimia 79 ya walioandikishwa walikuwa wamejitokeza. Raila Odinga, mgombea wa upinzani, akajiondoa katika marudio. Tarehe 26 Oktoba waliopiga kura nchini walikuwa chini ya asilimia 40, na katika kaunti za Kisumu, Siaya, Homa Bay na Migori uchaguzi haukufanyika. Uhuru Kenyatta akatangazwa mshindi kwa asilimia 98.

Asilimia 98 hiyo ina udhaifu uleule wa asilimia 79 yangu ya kwenye manila. Kati ya tarakimu zote za siku ile, ndiyo inayosema machache kabisa. Tazama kura zenyewe: Agosti Uhuru alipata 8,203,290, Oktoba akapata 7,483,895. Pungufu ni kura laki saba na kitu. Sehemu kubwa ya kura zake ilirudi. Kilichoporomoka ni upande wa pili, na humo ndani walichanganyika waliosusia kwa kauli, waliotaka kupiga kura wakakuta vituo havikufunguliwa, walioogopa fujo, na walioona mambo yamekwisha kuamuliwa. Hakuna aliyepita na daftari kuwauliza. Kila upande ukawadai wote.

Sasa weka mwaka 2022 kando yake. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 65, idadi inayoonekana yenye afya. William Ruto alishinda kwa kura 7,176,141 kati ya walioandikishwa 22,120,458. Hiyo ni kama asilimia 32 ya daftari. Uhuru Kenyatta, katika uchaguzi ule wa kaunti nne zisizopiga kura, alikuwa na kama asilimia 38 ya daftari la watu 19,611,423. Kwa kipimo cha walioandikishwa, mshindi wa uchaguzi uliosusiwa alikuwa na sehemu kubwa kuliko mshindi wa uchaguzi ulioshindaniwa hadi kura ya mwisho. Na tangu Katiba ya 2010 hakuna rais aliyepata nusu ya daftari. Mwaka 2013, waliojitokeza walipofika asilimia 86, mshindi alipata kama asilimia 43 ya walioandikishwa.

Nimeirudia hesabu hii mara nyingi, na kila mara inanirudisha sokoni. Idadi ndogo ya waliojitokeza haipunguzi yenyewe ridhaa ya mshindi. Kinachoipunguza ni sababu iliyowaweka watu mbali. Tisini na saba waliosema yeyote ni sawa hawakumpunguzia mwenyekiti kitu. Arobaini na mmoja waliosusia walimpunguzia, kwa kiasi chao. Wale 121 wa ufuoni walimpunguzia zaidi ya wote, ingawa hawakuwa na ugomvi naye, kwa sababu uchaguzi uliwapita. Mtu aliyefungiwa nje hadai kwamba mshindi hafai. Anadai kwamba yeye mwenyewe hajasema bado, na hataki asemewe.

Sheria yetu haina akidi ya uchaguzi wa rais. Ibara ya 138 ya Katiba inahesabu kura zilizopigwa: zaidi ya nusu ya hizo, na angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti. Tarehe 20 Novemba 2017 Mahakama ya Juu iliuthibitisha uchaguzi wa marudio. Lakini katiba hiyohiyo, katika ibara ya 255, inadai zaidi pale yanapoguswa mambo mazito kama Sheria ya Haki za Binadamu au muhula wa rais: kura ya maoni haipiti mpaka angalau asilimia 20 ya walioandikishwa wapige kura katika angalau nusu ya kaunti. Waliotunga waliona tofauti ambayo chama cha soko hakikuiona. Kiti lazima kijazwe, hata wapigakura wakiwa wachache, la sivyo hakuna wa kulipa askari. Kubadili masharti ya kuishi pamoja kunaweza kungoja mpaka watu wawepo.

Akidi nayo ina sumu yake, na ndiyo sababu sikuipendekeza kwa uchaguzi wa viongozi. Oktoba 2016 Hungary ilipiga kura ya maoni kuhusu mgawo wa wahamiaji wa Umoja wa Ulaya. Zaidi ya asilimia 98 ya kura halali zilisema hapana, na matokeo yakawa batili kwa kuwa kura halali hazikufika nusu ya walioandikishwa. Waliotaka kuishinda serikali, iliyoitaka hapana hiyo, walijua kwamba kubaki nyumbani kuna nguvu kuliko kwenda kituoni. Kwa jambo la nchi labda hilo linavumilika. Kwa mwenyekiti wa soko lingekuwa balaa, soko lisilo na kamati miezi sita.

Waingereza nao, kwa kulinganisha, Julai 2024 walikipa chama cha Labour viti 411 kati ya 650 kwa asilimia 34 hivi ya kura, waliojitokeza wakiwa karibu asilimia 60. Ni mtu mmoja kati ya watano katika daftari. Hakuna aliyekwenda mahakamani kusema serikali ni batili, na ni sawa. Swali la haki ya kukalia kiti lilikwisha usiku uleule. Swali la pili, la kiasi gani unaweza kuwabebesha watu ambao hawakukuchagua, huanza asubuhi yake, na halina tarehe ya kwisha.

Hapa kwetu lilionekana wazi Juni 2024. Bunge lililochaguliwa kihalali lilipitisha Mswada wa Fedha, ule wa kupandisha kodi. Barabara zikajaa Nairobi, Kisumu, Nakuru na kwingineko, watu wakapoteza maisha, na tarehe 26 Juni Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi. Sikusikia vijana wale wakibishana kuhusu idadi ya waliojitokeza mwaka 2022. Walikuwa wanauliza alichouliza Dani akipepeta omena wake: umeiamua na nani? Mwenyekiti wa soko alipata bahati ya kuulizwa hivyo akiwa ameketi, na kwa gharama ya cherehani moja. Naihesabu kuwa gharama kubwa, na mwenye cherehani anaihesabu kubwa zaidi. Lakini nchi hii imelipa zaidi kwa swali hilohilo.

Kilichofanya kazi, kwa maoni yangu, ni kuwauliza wasiokuja kabla ya kuwasemea, na kuwatuma waulizaji wawili wawili wa pande mbili ili majibu yasitiliwe shaka. Kazi hiyo iliwezekana kwa sababu wanachama walikuwa mia tano na kitu na meza zao zinajulikana. Kaunti haiwezi kumfikia kila mtu. Inaweza lakini kuuliza wadi moja moja, na sijaona ikifanya.

Kilichoshindikana ni cha kwanza kabisa: siku. Kama uchaguzi ungefanyika siku kumi baadaye, mama wa omena wangekuwapo, na huenda muuza viatu angeshinda vilevile. Nimewauliza wengi wao, na wengi wanasema wangempa. Angeanza kazi akiwa na kura mia mbili na zaidi, na akina mama wangekuwa wamemwambia kuhusu 250 kabla hajaitamka. Makosa ya msimamizi hayakubadili mshindi. Yalimnyima mshindi mazungumzo.

Na wale 41 sijui kuwapima. Kumi na tisa walikuja kwenye kura ya mchango. Wengine bado wako mbali, na yule mwenye sauti ya juu ni mmoja wao. Anatoa 150 yake kila mwezi, kwa mkono wa binti yake, na akimwona mwenyekiti anapita huendelea kugeuza samaki.

Katiba mpya ya chama ina kurasa tano. Kifungu kilichoongezwa kinasema mchango hautapandishwa wala vibanda kuhamishwa bila nusu ya wanachama kupiga kura, na daftari lisafishwe kila mwaka. Tarehe ya uchaguzi haikuandikwa. Imeachwa kwa upande wa samaki, wao ndio wataitaja.